Kigingi Kilichobunguliwa: Jinsi Wakatalani Walivyomwimbia Franco

Jioni ya tarehe 19 Mei 1960, ukumbi wa Palau de la Música Catalana jijini Barcelona ulikuwa umefurika. Kwaya kongwe ya Orfeó Català ilikuwa ikiadhimisha miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa mshairi Joan Maragall. Kwenye ratiba ulikuwemo "El Cant de la Senyera", wimbo wa bendera ya Katalonia, jimbo la Hispania ambalo Barcelona ni mji wake mkuu, bendera ile yenye mistari minne myekundu juu ya njano. Maneno ya wimbo huo aliyatunga Maragall mwenyewe. Gavana akaufuta. Watu waliruhusiwa kumuenzi mshairi, shairi lake wasilisikie.

Basi baadhi ya waliokuwa wameketi wakasimama, wakauimba wenyewe. Askari kanzu waliokuwa wametapakaa ukumbini wakawavamia, wakawapiga palepale kati ya viti, wakawakamata. Msako ukaendelea siku zilizofuata. Daktari kijana aliyeitwa Jordi Pujol, ambaye jioni ile hata hakuwemo ukumbini, alikamatwa kwa sababu ya kipeperushi kilichomshutumu Jenerali Franco, dikteta wa Hispania wakati huo. Aliteswa, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuhukumiwa kifungo cha miaka 7. Miaka 20 baadaye, mwaka 1980, mtu huyohuyo akawa rais wa serikali ya Katalonia.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya nianze kuzifuatilia nyimbo za Wakatalani, na swali langu halijabadilika tangu siku hiyo. Mtawala mwenye jeshi, polisi, magereza, redio na magazeti, vyote mkononi mwake, anaogopa nini katika beti chache za bendera? Jibu rahisi ni kwamba nyimbo zilikuwa za siasa. Lakini nyingi hazikuwa za siasa hata kidogo. Palikuwa na nyimbo za mapenzi, za mvua, za mitaa ya mjini, za upepo. Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza kuwa na mafundo, na fundo la kwanza ni lugha.

Kikatalani si lahaja ya Kihispania, ingawa wengi nje ya Hispania hudhani hivyo. Ni lugha kamili iliyozaliwa na Kilatini, ndugu ya Kihispania, Kifaransa na Kitaliano, na ina fasihi ya karne nyingi. Huzungumzwa Katalonia, Valencia, visiwa vya Mallorca na jirani zake, Andorra, hata kipande cha kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1932, chini ya Jamhuri iliyotawala Hispania wakati huo, Katalonia ilipata serikali yake ya ndani. Mwaka 1936 Franco na majenerali wenzake wakaasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikadumu karibu miaka mitatu, na tarehe 26 Januari 1939 Barcelona ikaanguka. Rais wa Katalonia, Lluís Companys, alikimbilia Ufaransa. Wajerumani walipoiteka nchi hiyo walimkamata wakamkabidhi kwa Franco, naye akapigwa risasi kwenye ngome ya kilima cha Montjuïc, juu ya mji wake, tarehe 15 Oktoba 1940. Kishike kilima hicho, tutakirudia.

Baada ya hapo Kikatalani kiliondolewa shuleni, ofisini, mahakamani, magazetini na redioni. Mtoto aliyeitwa Jordi nyumbani aliandikishwa Jorge. Aliyejisahau akakisema mbele ya askari au karani angeweza kuambiwa "sema Kikristo", kana kwamba lugha aliyofundishwa na mama yake ni ya washenzi. Hata hivyo tusilikuze jambo kupita kiasi: hakuna aliyekatazwa kuongea na watoto wake mezani, na kadiri miaka ilivyokwenda vitabu vichache vilianza kuruhusiwa. Ukatili ulikuwa wa namna nyingine. Kilikua kizazi kizima kilichoota ndoto kwa Kikatalani na kisichoweza kuandika barua kwa lugha hiyo, kwa kuwa hakuna shule iliyowafundisha. Lugha iliachiwa jikoni na uani, na lugha ikishafungiwa uani, watoto wenyewe huanza kuamini kwamba haifai sebuleni.

Kwa hiyo mtu kupanda jukwaani na kuimba kwa Kikatalani kuhusu mvua lilikuwa tendo zito kuliko mvua yenyewe. Mtunzi aliweza asiseme lolote juu ya Franco, na kila aliyeketi ukumbini akaelewa kilichokuwa kinasemwa.

Mwanzo wa vuguvugu lililokuja kuitwa Nova Cançó, yaani Wimbo Mpya, ulikuwa makala. Januari 1959 Lluís Serrahima aliandika katika jarida la Germinàbit, lililokuwa na uhusiano na abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Montserrat, kwamba Wakatalani wanahitaji nyimbo za sasa. Nyimbo za kale za mashambani walikuwa nazo tele, ila za kijana wa mjini wa wakati ule hazikuwepo. Mwaka 1961 watu watatu wakalijibu wito huo kwa vitendo: Miquel Porter, Remei Margarit na Josep Maria Espinàs. Kuimba haikuwa kazi yao. Espinàs alikuwa mwandishi wa riwaya. Walisikiliza waimbaji Wafaransa, hasa Georges Brassens, wakaona kwamba mtu mmoja na gitaa moja anaweza kusimama mbele ya watu akasema jambo la maana.

Kundi lao waliliita Els Setze Jutges, Majaji Kumi na Sita. Jina hilo lilitoka kwenye kitanza ndimi ambacho kila mtoto wa Kikatalani hukijua: majaji kumi na sita wa mahakama wanakula ini la aliyenyongwa. Sisi tunao wana wa Liwali wanaokula wali wa Liwali, wao wana majaji wao. Lakini chao kimejaa sauti ambazo Kihispania hakina, na mgeni akikijaribu anajulikana mara moja. Kuliita kundi hivyo ilikuwa kutangaza lugha bila kutamka neno "lugha". Pamoja na hayo, majaji wanaokula ini la mtu aliyenyongwa, katika nchi ambayo mahakama za kijeshi zilikuwa bado zinaua, si picha ya kuchekesha. Wanakundi waliongezwa mmoja mmoja hadi wakatimia 16 kweli, wa mwisho akiwa kijana Lluís Llach, mwaka 1967.

Walihitaji mahali pa kuimbia, na hapa pana jambo linalowachanganya wasomaji wengi. Franco aliitawala Hispania kwa jina la Ukatoliki, lakini kumbi nyingi walizoimbia vijana hawa zilikuwa za parokia, na majarida yaliyowaunga mkono yalichapwa chini ya kivuli cha Montserrat. Dola lilikuwa limefunga mkataba na Vatikano mwaka 1953, na polisi hawakuweza kuliingilia kila jengo la Kanisa kama walivyoingilia nyumba za watu. Mlango mwingine ulifunguliwa na uchumi. Miaka ya 1960 Hispania ilitaka watalii na fedha za nje, na mwaka 1962 iliomba kuhusishwa na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Serikali inayotaka kuonekana nadhifu mbele ya majirani haiwezi kumfunga kila mwenye gitaa. Kampuni ya santuri ya Edigsa ilianzishwa katika upenyo huohuo, mwaka 1961, ikarekodi kwa Kikatalani.

Usifikiri basi kwamba walipumua. Maneno ya wimbo yalipitia kwanza mikononi mwa wadhibiti wa Wizara ya Habari na Utalii. Onyesho lilihitaji kibali cha gavana, na orodha ya nyimbo ilipelekwa kabla. Redio nazo zilipewa orodha ya nyimbo zisizoruhusiwa kupigwa, hivyo santuri iliyouzwa dukani kihalali iliweza kuwa haramu hewani. Mwimbaji alisafiri kwenda mji fulani bila kujua kama jioni ataimba au atarudi na gitaa lake ndani ya mkoba.

Tazama jinsi mkasi wa mdhibiti ulivyofanya kazi katika ubeti mmoja. Raimon, kijana wa Xàtiva huko Valencia, alijulikana kwa "Al vent", wimbo alioutunga mwaka 1959 akiwa juu ya pikipiki, uso ukipigwa na upepo. Mwaka 1963 akatoa "Diguem no", yaani "tuseme hapana". Katika maneno yake ya asili alisema tumeona watu wenye haki wamefungwa gerezani. Ili wimbo upite, mstari huo ukageuzwa: tumeona watu wengi wenye haki wamenyamazishwa. Gereza likatolewa, ukimya ukaingizwa. Kwangu mimi mstari wa pili unauma kuliko wa kwanza, maana aliyeuimba alikuwa mwenyewe amenyamazishwa katika mstari huohuo, na waliokuja kumsikiliza walijua ni neno gani limekosekana.

Maria del Mar Bonet, mwanamke wa Mallorca, aliliendea jambo kwa njia nyingine. Serrahima, yuleyule wa makala, alimwandikia maneno ya wimbo unaouliza: wanataka nini watu hawa wanaogonga mlango alfajiri? Wimbo unasimulia tu. Wamefika kwenye ngazi, mama anatoka kufungua akiwa na vazi lake la kulalia, mwanawe ni mwanafunzi. Hadi wimbo unakwisha, mwana amekufa. Hakuna hotuba ndani yake wala kiongozi aliyetajwa kwa jina. Nyuma ya wimbo huo kulikuwa na kifo cha kweli cha mwanafunzi mmoja wa Madrid, aliyeanguka kutoka dirishani polisi walipokuja kwao mwaka 1967. Ukiusikiliza, unalobaki nalo ni lile vazi la mama. Mtu mzima aliyetolewa kitandani na hodi ya saa ile hana la kujikinga, na kila mzazi Barcelona aliifahamu hofu hiyo ya kusikia viatu kwenye ngazi.

Sasa tufike kwa Joan Manuel Serrat, maana bila yeye hadithi ingekuwa nyepesi mno: Wakatalani huku, Wahispania kule. Serrat alizaliwa mwaka 1943 katika mtaa wa wafanyakazi wa Poble Sec. Baba yake alikuwa Mkatalani, mama yake alitoka Belchite, mji wa Aragón uliobomolewa vitani. Lugha zote mbili zilikuwa zake. Alikuwa mmoja wa Majaji, na alipoanza kuimba kwa Kihispania pia, wenzake wengi waliona amewasaliti. Mwaka 1968 televisheni ya taifa ilimteua kuiwakilisha Hispania kwenye shindano la nyimbo la Eurovision jijini London. Siku chache kabla ya safari akasema ataimba kwa Kikatalani au hataimba. Serikali ikamwondoa, ikamweka Massiel, aliyejifunza wimbo kwa haraka na kushinda, kwa tofauti ya pointi moja tu, 29 kwa 28. Serrat akafungiwa televisheni ya taifa. Baadaye aliendelea kuimba kwa lugha zote mbili, na lawama zilimfuata kutoka pande zote mbili. Mwaka 1975, akiwa Mexico, alilaani hadharani kupigwa risasi kwa wapinzani nchini mwake, akashindwa kurudi kwa karibu mwaka mzima.

Namheshimu sana kwa hilo, kwa sababu alikataa kukubali kwamba Kihispania ni mali ya Franco. Mamia ya maelfu ya watu maskini wa kusini walikuwa wamehamia viwanda vya Barcelona, nao walizungumza Kihispania, na udikteta uliwakandamiza vilevile. Raimon naye aliuonyesha ukweli huo kwa upande wa pili. Tarehe 18 Mei 1968 aliimba kwa Kikatalani katika Chuo Kikuu cha Madrid, mbele ya maelfu ya wanafunzi ambao wengi wao hawakuielewa lugha hiyo vizuri. Waliitikia kama waliozaliwa nayo, kisha wakatoka barabarani kuandamana hadi polisi wakawatawanya. Lugha iliyoambiwa si ya Kikristo ikawa sauti ya wanafunzi wa mji mkuu wa dola lililoikataza.

Mwaka huohuo Lluís Llach, akiwa na miaka 20, alitunga "L'Estaca". Llach alikulia Verges, kijiji cha wilaya ya Girona, na baba yake alikuwa daktari na meya wa kijiji chini ya utawala wa Franco. Mafunzo mengine aliyapata nje ya nyumba, kwa kinyozi mzee aliyeitwa Siset, babu wa rafiki yake, mtu wa Jamhuri iliyoshindwa. Katika wimbo, Babu Siset na kijana wanaongea mlangoni asubuhi na mapema, wakingoja jua, wakitazama mikokoteni ikipita. Babu anamuuliza: huoni kigingi ambacho sote tumefungwa nacho? Tusipokiangusha hatutaweza kutembea. Kiitikio kinasema tukivuta sote kitaanguka, hakiwezi kudumu sana, bila shaka ndani kimekwisha bunguliwa. Mimi nivute kwa huku, wewe uvute kwa kule.

Kigingi ni nini? Mtoto wa miaka sita angekuambia. Lakini mdhibiti alikuwa matatani. Akitaka kuukataza wimbo, lazima yeye kwanza akiri kwamba kigingi ni mtawala wake, na kwamba kimeoza. Fumbo humlazimisha anayelikataza alifumbue kwa kinywa chake. Sehemu ya pili ya wimbo nayo haidanganyi mtu kwamba kazi ni nyepesi: muda mrefu umepita, mikono inachunika, nguvu zinapungua, na kigingi kinaonekana kunenepa zaidi. Katika sehemu ya tatu Siset hayupo tena, upepo mbaya umemchukua, na kijana amebaki peke yake mlangoni. Vijana wapya wakipita, anawaimbia wimbo wa mwisho alioachiwa na mzee.

Wimbo ulipigwa marufuku, na marufuku ndiyo iliyoukamilisha. Llach alipanda jukwaani na gitaa, akaanza kupiga ile tuni, huku kinywa kimefungwa. Ukumbi mzima ukaimba. Katika orodha aliyoidhinishiwa hakuna kilichovunjwa, kwa kuwa mwimbaji hakuimba. Kibali kilikuwa na jina moja, na sauti zilikuwa maelfu. Hapa ndipo ninapoona jibu la swali langu la ukumbi wa Palau. Wadhibiti walijua kufuta mstari, kuzuia santuri na kumnyima mtu mmoja jukwaa, ila wimbo ukishaingia vichwani mwa watu hakuna ofisi ya kuupelekea barua. Zaidi ya hapo, katika nchi ambayo mikutano ilikatazwa, tamasha lilikuwa karibu nafasi pekee ya mtu kutazama kulia na kushoto akajua wako wangapi wanaofikiri kama yeye.

Llach mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Paris, akaimba kwenye ukumbi maarufu wa Olympia mwaka 1973. Nyumbani mambo yaliendelea kuwa ya damu. Machi 1974 kijana Salvador Puig Antich aliuawa kwa chuma cha kunyongea katika gereza la Barcelona, na tarehe 27 Septemba 1975 watu watano wakapigwa risasi kwa siku moja, dunia nzima ikipiga kelele. Franco akafa hospitalini, kitandani, tarehe 20 Novemba 1975. Hakuangushwa na wimbo, na nisingependa mtu atoke hapa akiamini hivyo. Migomo ya wafanyakazi, vyama vya siri, uzee wa mtawala na mabadiliko ya uchumi, vyote vilifanya kazi yake, na jeshi na polisi vilibaki vilevile hata alipokwisha kuzikwa. Machi 3, 1976, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa wamekusanyika kanisani huko Vitoria, mji wa kaskazini mwa Hispania, watano wakafa. Llach akawatungia "Campanades a morts", kengele za wafu.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Januari 1976, Llach alirudi kuimba Barcelona usiku tatu mfululizo, tarehe 15, 16 na 17, kwenye ukumbi wa michezo chini ya Montjuïc, kilima kilekile alikouawa Companys. Kuna rekodi ya usiku hizo. Ukiisikiliza kwa makini, mara kwa mara mwimbaji anamezwa. Umati unapiga kelele ukitaka msamaha kwa wafungwa wa kisiasa, unataka uhuru, na inapofika zamu ya kigingi, sauti ya Llach inaelea juu ya sauti za watu kama mtumbwi juu ya maji makuu. Mwaka uliofuata serikali ya Katalonia ikarudishwa, na baada ya hapo Kikatalani kikarejea shuleni.

Llach alisikika mbali kuliko alivyotarajia. Mwaka 1978 Mpolandi Jacek Kaczmarski alichukua tuni ya "L'Estaca" akaiandikia maneno yake mwenyewe, akayaita "Mury", kuta. Yeye alikuwa amesikia rekodi ya Llach na umati ukiimba naye, na kilichomgusa kilikuwa kingine kabisa: aliona mtunzi ananyang'anywa wimbo wake. Katika maneno yake, kijana anaimba kwamba kuta zitaanguka, watu wanamfuata kwa maelfu, wanabomoa sanamu, wanapiga kelele kwamba aliye peke yake ndiye adui mkubwa. Mwishoni mwimbaji amebaki peke yake, kimya, akiutazama umati unavyokwenda, na kuta zinazidi kuota. Chama cha wafanyakazi cha Solidarność kilipoinuka Polandi mwaka 1980, watu wakaufanya "Mury" kuwa wimbo wao, na mwaka 2020 ukasikika tena katika maandamano ya Belarus. Waliimba kiitikio, kuta zitaanguka, zitaanguka. Ubeti wa mwisho, ule wa mwimbaji aliyeachwa peke yake, waliuacha.